Jina la Mjomba na Sanduku la Besi

Nakumbuka alasiri moja kule Misima, mwanangu, nimekaa ndani nimefunikwa kanga, namsubiri mjomba wangu aingie anishike mkono, anitoe nje kwa mume. Ndoa ilishafungwa asubuhi. Kilichobaki kilikuwa hicho tu, kutolewa, na nusura kisifanyike kwa sababu ya spika za baba yako.

Nakusimulia leo kwa ajili ya ile harusi ya jirani, Jumamosi iliyopita. Uliyapanga masanduku yako ya besi, sufuria zangu zikacheza jikoni, na mpaka watu wanatawanyika sikujua bibi harusi anaitwa nani. Nilipokuuliza ukanijibu, "Mama, krosova imekufa, lakini muziki si umepiga?" Nikacheka peke yangu. Baba yako naye hakuwa na hicho kifaa cha kugawa sauti, nzito ziende huku na nyembamba kule. Yeye hata hakujua kama kipo duniani.

Wakati huo alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha mkonge Mazinde, kijana wa Kisambaa, mwembamba, maneno mengi. Yeye na wenzake walikuwa na bendi yao ndogo. Alitafuta mbao za mvule, akaziranda, akaunda sanduku refu la kunifika begani, akatia spika pana kama ungo. Akaliita Bwana Mkubwa. Nikamwambia siku hizi hakuna mabwana wakubwa, sote ni ndugu. Akasema sanduku lake bado halijapata hiyo habari.

Sasa, kwetu Wazigua mjomba si mtu wa kupitwa. Nyumbani kwetu ilikuwa desturi, upande wa bwana harusi huimba majina ya wakubwa wa bibi harusi, mmoja baada ya mwingine, na kila anayesikia jina lake husimama. Mjomba hutajwa mwisho, na ndiye anayeingia kumtoa bibi harusi. Asiposikia jina lake hasimami. Asiposimama, bibi harusi analala kwao.

Na mjomba wangu Mhina alikuwa na lake moyoni. Tulikuwa ndio kwanza tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mistari, jirani yako humjui. Kule Kwemkole, kijiji chetu cha zamani, watu wakigombania mpaka wa shamba walikwenda kwa Mhina. Misima alikuwa mzee tu wa nyumba ya pembeni, anapanga foleni ya maji kama wengine. Siku ile alivaa koti alilolitunza miaka na miaka, akakaa kiti cha mbele. Alitaka kijiji kizima kisikie yeye ni nani. Hakumwambia mtu, ila mimi nilijua, maana ndiye aliyenilea.

Baba yako sasa. Bwana harusi mzima, kanzu nyeupe, anatambaa chini na nyaya. Maiki, magitaa na besi, vyote akavichomeka kwenye amplifaya moja, kisha amplifaya hiyo hiyo ikalisha spika mbili za honi pamoja na Bwana Mkubwa. Jenereta ikawashwa. Dada yake, wifi yangu Zaina, akashika maiki kuanza majina.

Mimi kule ndani nilisikia kifua changu kinagonga tu. Sauti ya Zaina iliingia kwenye lile sanduku ikatoka imevimba, kama mtu anaongea na ugali mdomoni. Besi nayo ikaingia kwenye honi, zikawa zinakwaruza. Wajomba wadogo na mashangazi walisimama kwa kukisia tu, wakitazamana. Zamu ya mjomba Mhina ikafika. Zaina akaimba. Mjomba akabaki amekaa.

Baba yako akaona dawa ni kuongeza sauti. Akaongeza. Kuku wakakimbia, vikombe vikadondoka mezani, watoto wakashangilia. Honi moja ikakohoa ikazimika kabisa. Mjomba bado amekaa.

Nilimfahamu mjomba wangu, akishakaa amekaa. Nikamwita somo yangu, yule mama aliyekuwa amekaa nami ndani, nikamwambia, "Nenda kamwambie yule kijana, kama alikuja kuoa sanduku angesema mapema, mimi nikaoshe hina nikalime."

Somo akatoka mbio. Lakini alipofika, mjomba alikuwa ameshamwita baba yako kwa kidole. Baba yako akapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mimi si kiziwi, bwana harusi. Hilo sanduku lako limenisalimia hapa kifuani, nimelisikia. Jina langu sijalisikia."

"Limetajwa, mjomba. Dada ameliimba."

"Ameliimba. Nimemwona mdomo." Akakunja mikono. "Sina haraka. Nimeshakula."

Hakufoka, wala hakuinuka kuondoka. Baba yako alinieleza baadaye kwamba angetukanwa angejua la kujibu, lakini ule utulivu ulimmaliza nguvu. Akatazama kiti, akatazama mlango niliko, akatazama Bwana Mkubwa wake. Kisha akaenda akaling'oa waya mbele ya watu wote. Wenzake wakaguna. Akatoa amplifaya ndogo waliyokuja nayo ya akiba, akachomeka gitaa la besi peke yake, akalipeleka kwenye sanduku, akalishusha sauti. Sauti ya Zaina na yale magitaa mengine akayaachia honi moja iliyobaki.

"Anza upya," akamwambia dada yake. "Taja na kwao."

Zaina akaimba, na besi ikaja chini yake polepole, kila kitu na njia yake. Hata mimi ndani nilisikia kila herufi. "Mhina wa Kwemkole, baba wa watu, tunakuomba mlango." Kwemkole ilikuwa imebaki majivu na michongoma, hakuna aliyeitaja tangu tuhame. Mjomba akasema, "Rudia." Zaina akarudia. Hapo ndipo aliposimama, na alipokuja kunishika mkono, nikalia kwa furaha mpaka wanja ukanichafua uso.

Baba yako hakuisahau siku ile. Kila alikopeleka vyombo, kabla ya kupiga wimbo wowote alimtafuta mtu mzima kuliko wote pale, akamtaja kwa jina kwenye maiki. Akiitika, ndipo alipowasha besi.

Basi mwanangu, krosova itengeneze. Mpaka itengenezwe, besi ipe njia yake, sauti ya mtu ipe ya kwake, na usikimbilie kuongeza. Watu hawaji harusini kutikiswa tu, wanakuja pia kutajwa. Anza na mkubwa wao, umsikie ameitika. Nenda, Mungu akubarikie mikono hiyo kama alivyoibariki ya baba yako, na siku mtu atakapolitaja jina lako mbele za watu, lifike hadi kwa aliyekaa nyuma kabisa.