Mbao Juu ya Tanuri

Tarehe 11 Julai 2022, tanuri la studio yetu hapa Baraka liliwashwa saa kumi na moja alfajiri, likafungwa saa moja jioni. Katika saa hizo kumi na nne, taa za udongo nilizozifinyanga zilikuwa zikiiva ndani. Na juu ya kuba lake, Norbert alikuwa amelaza vipande vinne vya mbao mbichi ya libuyu.

Norbert ndiye fundi wa samani katika studio, mwanakwaya wa miaka hamsini na miwili, mwenye maneno machache. Kwa desturi yake mbao hukaa kivulini miezi minne kabla ya kuguswa na randa. Lakini barabara ya Misisi ilikuwa imeharibika, mbao zikachelewa, na arusi ya Gentille, binti wa jirani yake, ilikuwa imekaribia. Alitaka kiti cha bibi-arusi kitoke mkononi mwake. Joto la tanuri, alisema, linapotea bure.

Kiti kilipendeza sana. Siku ya arusi, Gentille alipoketi baada ya kupokea zawadi, mguu wa nyuma ulichomoka, naye akaanguka chali mbele ya ukumbi mzima. Norbert aliweka sahani yake chini, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Juma lililofuata, mama wawili walikuja kutazama taa.

“Mulisikia ya Gentille?” mmoja akauliza. “Mama Pulchérie, shangazi ya bwana yake, anasema ni alama. Mwenye anaanguka siku ya arusi, ataangusha na nyumba. Banafikiri kumurudisha kwa wazazi.”

“Na kiti je? Norbert, si we ulikitengeneza?”

“Kiti ilikuwa muzuri,” Norbert akajibu, bila kuinua macho.

Randa yake haikusogea tena hadi walipoondoka. Kisha aliuchukua ule mguu, ambao baba ya Gentille alikuwa ameurudisha kimyakimya, akaugeuza. Ulimi ulioingia tunduni mwa kiti ulikuwa umesinyaa; kidole changu kidogo kingepita pembeni yake. Moto ulikuwa umekausha ngozi ya mbao na kuuacha moyo wake na maji; moyo ulipokauka baadaye, ulimi ukapungua.

“Nimesema uongo juu ya mutoto ya watu,” alisema.

Asubuhi yake aliniomba tufuatane. Nyumbani kwa bwana wa Gentille, jamaa walikuwa wamekaa uani. Gentille mwenyewe alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, peke yake, mbali na jiko alilokatazwa.

“Ee, fundi!” Mama Pulchérie akamwita. “Unatuletea ingine, tuanguke sisi wote?”

Norbert hakuketi, ingawa alikaribishwa.

“Mama, hakuna alama. Mi ndiye nilimuangusha. Mbao ilikuwa mubichi. Niliikausha juu ya tanuri ya byungu, nikaficha.”

Akampa ule mguu. Mama Pulchérie aliupapasa ulimi, akamgeukia.

“Juu ya tanuri? Norbert! Mbao ni ndagala?”

Ndagala ni dagaa wetu wa ziwani, na ua wote ulipasuka kwa kicheko. Mtu akaongeza, “Aliweka na chumvi?” Norbert alisimama katikati yao, jasho likimtiririka, mikono ikiwa imefungana mbele yake kama ya mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mama Pulchérie alipochoka kucheka, aligeuka.

“Gentille, mwanangu, ingia jikoni. Weka sombe ku moto.”

Kabla ya jua kutua, sokoni walikuwa wakimwita Fundi Ndagala. Aliitika kila mara. Jumapili ile hakusimama na kwaya. Aliketi benchi la nyuma, na baada ya misa akapita nyuma ya kanisa ili asikutane na baba ya Gentille.

Mwaka mmoja baadaye, mwezi wa saba, Norbert alialikwa kwenye arusi nyingine ukumbini humo. Viti vilikuwa vya plastiki, na vilitosha watu wote. Yeye alisimama ukutani tangu mwanzo hadi mwisho.