Sera Niliyoitafiti Maisha Yangu Yote Imetoka na Picha ya Mwanafunzi Wangu

Naomba ukurasa huu unifichie jina, ingawa wa kwetu watanitambua kwa uchungu wangu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na miwili, mzaliwa wa Mutomo. Niliondoka nikiwa kijana kwenda kusoma, nikafundisha vyuo vikuu vya ugenini mpaka nywele zikawa nyeupe. Niliporudi, ndugu zangu walikuwa wameshagawana shamba la baba, kwa hiyo nimepanga nyumba huku Kathonzweni. Sina mtoto. Nilichonacho ni kazi yangu.

Kazi hiyo watu huicheka. Nilitafiti wanaoishi kwa mikono na sauti zao, yaani wasusi wa viondo, wachongaji, wapiga ngoma, na namna serikali inavyoweza kuwalinda. Marehemu kaka yangu alikuwa akiniuliza, "Ulivuka bahari ukasomee viondo vya mama?" Ndiyo, nilivuka kwa ajili hiyo. Kila likizo nilirudi kukaa na wasusi, na miaka hiyo yote ikazaa wazo moja: kila kikundi kimiliki mitindo yake, na mfanyabiashara anayeuza kiondo pale Kambu barabarani aseme kimetoka mkono gani.

Mutua, si jina lake la kweli, alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimsimamia utafiti, nikamlaza kwangu, nikampa maandishi yangu kabla sijayachapisha. Leo ni mshauri wa kaunti. Mwezi uliopita niliona rasimu ya sera ya kazi za ubunifu. Sentensi ni zangu, mifano ni yangu. Picha kwenye jalada ni yake. Mimi sipo, hata kwenye shukrani.

Nikampigia simu. Hakubabaika.

"Prof, lile wazo ni la akina mama. Hata wewe ulilichukua kwao."

Kisha akanialika kwenye kikao cha maoni ya wananchi, niketi mbele, nifungue kwa maombi. Jibu lake lilinichoma kwa sababu nusu yake ni kweli. Lakini mimi niliwataja, mmoja mmoja, kila nilipoandika.

Kikao ni Alhamisi, na chakula kitapikwa na mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Kijijini kwao asiyeshika jembe akaja kula hafukuzwi. Anapakuliwa wa kwanza, anaketishwa katikati, na hakuna mwingine anayegusa chakula wala kusema neno mpaka amalize. Nimeona mwanaume mzima akihama kijiji kwa sababu ya sahani hiyo. Mutua ni mtoto wa huko. Ataelewa kabla ya kijiko cha kwanza.

Nilimwendea mwenyekiti wao, Mama Ndunge, nikamwomba Mutua ndiye apakuliwe kwanza ule muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa yaliyopikwa na maharage. Aliendelea kusuka, akacheka kidogo.

"Mwalimu, sahani nitampa, na nyama juu. Lakini huyo akiaibika atabeba sera yake aende, na viondo vyetu vitaendelea kuuzwa Kambu kama yatima. Ngoja ipitishwe. Halafu tutamlisha mpaka ashibe."

Anasema kweli. Sera ikikwama, watakaoumia ni wasusi. Ikipita, Mutua atapigiwa makofi nami nimeketi pale mbele, na nasikia ameshaahidiwa cheo kikubwa zaidi. Sitaki fidia, wala sitaki aniombe radhi kwa simu. Nataka ameze huku watu wote wakimtazama.

Msiniambie nisamehe, mchungaji ameshaniambia. Nishaurini hili tu: nimsihi Mama Ndunge apakue Alhamisi, au ningoje? Afya yangu si nzuri. Nikitangulia mimi, Mutua ndiye atakayesimama kaburini kusoma wasifu wangu, na atausoma vizuri, kwa maana kuandika nilimfundisha mimi.