Shimo la Pweza la Mama

Mama yangu ana shimo lake la pweza, na miaka yote niliyoishi naye hakuwahi kumwonyesha mtu. Hakumwonyesha baba, Mungu amrehemu, wala wanawake wenzake waliokuwa wakishuka naye mwambani na vikapu. Shimo liko mbali, kwenye ukingo wa mwamba upande wetu wa Likoni, mahali panapotoka majini siku chache tu katika mwezi. Uzuri wake, alivyokuwa akitwambia, ni kwamba ukimtoa pweza mwezi huu, mwezi ujao unamkuta mwingine ameshahamia, kama chumba cha kupanga karibu na feri.

Pweza wa shimo lile na wa mashimo mengine ndio walionisomesha. Mimi nilitamani sana kushuka naye, lakini kila nilipoinua pindo la gauni kumfuata alinirudisha. "Wewe kazi yako kalamu," alisema, na kalamu ikawa kazi yangu kweli. Mimi ni mwalimu wa jiografia.

Kila mwaka hufika kwenye somo la maji kujaa na kupwa, na hilo nalifundisha kwa raha kuliko yote. Namsimamisha mwanafunzi mmoja awe dunia, mwingine awe mwezi. Mwezi, nawaambia, unayavuta maji ya upande uliouelekea, na upande wa pili wa dunia nako maji yanainuka. Dunia inajizungusha, kwa hiyo sisi tulio juu yake tunapita kwenye maji mengi mara mbili kwa siku, na kwenye maji haba mara mbili. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, mwezi na jua vinakuwa kwenye mstari mmoja na nguvu zao zinaungana. Hayo ndiyo maji ya bamvua: yanajaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja anavuta kwake, na bahari inakuwa kama mtu aliyeamka hajisikii vizuri, haendi mbali wala haji karibu. Hayo huitwa maji mafu.

Wanafunzi wa Likoni hawahitaji kushawishiwa. Yuko mmoja ambaye baba yake husukuma mkokoteni, na yeye ndiye aliyelieleza darasa kwamba maji yakipwa ya bamvua, mteremko wa kushukia feri unakuwa mkali, na mkokoteni mmoja unataka watu watatu wa kuuzuia usikimbie. Mwingine mama yake anafanya kazi hotelini Shanzu. Akasema wageni huamka asubuhi, wakatazama dirishani, wakapiga simu mapokezi kuuliza bahari imepelekwa wapi. Tulicheka mpaka mwalimu wa darasa la pili akaja kuchungulia.

Basi mambo hayo nilikuwa nayajua, ila nilikuwa nayajua ubaoni.

Mwaka juzi magoti ya mama yalianza kumkataa. Daktari alimweleza bila kuzunguka kwamba hayatapona, na kwamba kila mwezi atatembea kidogo kuliko mwezi uliopita. Mama alimshukuru, akatengeneza buibui lake, tukatoka. Tulipofika barabarani akasimama.

"Nataka nifike shimoni kwangu," akasema, "kabla haya magoti hayajaninyima kabisa."

"Mama, nitakwenda mimi nikupigie picha."

"Picha ya nini? Kwani wewe walijua liliko?"

Tangu siku ile neno likawa hilo moja: mama afike shimoni na arudi, kabla magoti hayajafunga mlango.

Ramadhani mwaka ule ilikuwa inaingia mwezi wa tatu, wakati ambao jua linapita juu ya ikweta na bamvua linakuwa kubwa kuliko kawaida. Na sisi siku za mwisho za Shaabani huwa tunashuka pwani na masufuria kuvunja jungu, tule na kucheka kabla ya kufunga. Nikaona mambo mawili yameingiana vizuri. Asubuhi tutampeleka mama shimoni, adhuhuri tutakula pilau.

Siku ya safari, asubuhi mapema, mama aliniuliza, "Leo mwezi ngapi?"

Macho yake hayaoni mbali siku hizi. Zamani asingemuuliza mtu, angeutazama mwezi mwenyewe alfajiri. Nilikuwa na simu yenye saa zote za maji ya Kilindini mpaka dakika, lakini niliona haya kuitoa mbele yake. Nilitaka kumhesabia kwa njia yake, nimwonyeshe kwamba na mimi ni mtoto wa hapa. Nikatazama kalenda iliyotundikwa karibu na friji, nikajibu kwa sauti ya mwalimu, "Ishirini na tisa, mama."

Akahesabu kwa vidole. Mwezi unapoandama, kwetu maji hukauka kabisa kwenye saa nne au saa tano za asubuhi, na kila siku yanachelewa kwa karibu dakika hamsini. "Basi saa nne," akasema. "Tutoke saa tatu."

Tulitoka watatu: mama, mimi, na jirani yetu wa bara, mfanyakazi wa bandarini, mtu mwenye mabega kama mlango. Yeye kazi yake ilikuwa kubeba kiti cha plastiki, ili mama apumzike kila akichoka. Alikuwa Mkristo, hakuwa na jungu la kuvunja, lakini alisikia habari ya pilau.

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia mama aliposimama. Baina ya mawe mawili kijito chembamba cha maji kilikuwa kinapita, na kilikuwa kinapita kuja pwani.

"Yamegeuka," akasema.

"Haiwezekani," nikamjibu. "Bado nusu saa."

Tukaendelea hatua chache kwa ubishi wangu, maji yakanifika katikati ya miguu, na jirani akasema kwa heshima, "Mathe, maji inarudi. Tuishie tu." Tukageuka. Mama hakula pilau. Alikaa na kisahani mkononi akitazama ukingo wa mwamba ukipotea, na mimi nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Kosa lilikuwa langu, na kila mtu mtaani alilijua kesho yake, maana kalenda yetu iliandika mosi ya Ramadhani na hakuna aliyefunga. Kalenda ile ilikuwa imechapishwa kwa hesabu za kukadiria, na ilikuwa imeutangulia mwezi wetu siku moja. Tulikuwa tarehe ishirini na nane. Watu hubishana kuhusu mwezi kila mwaka, nani ameuona na nani hakuuona, lakini bahari haimo katika ubishi huo. Ilikuwa imekauka kwenye saa tatu na robo, sisi tukiwa ndiyo kwanza tunatafuta raba za mama.

Bahari ina wema wake mmoja: baada ya siku kumi na tano hivi, mwezi ukipevuka, inarudi tena vile vile. Lakini siku zile ziliniuma. Kila usiku nilimsikia mama akiinuka kuswali tarawehe, akijikongoja ukutani, nami nahesabu kama magoti yatafika. Tarehe kumi na sita ya Ramadhani, na safari hii ilikuwa kumi na sita ya kweli, niliomba ruhusa ya asubuhi shuleni. Sikumwambia mwalimu mkuu kwamba ni kwa ajili ya pweza.

Nilitoa simu waziwazi. Mama akaitazama, akasema, "Hata hiyo nayo si mbaya," nikajua nimesamehewa.

Tulishuka mapema sana, maji yakiwa bado yanaondoka mbele yetu. Mama alikuwa amefunga, na mimi pia. Jirani hakuwa amefunga, lakini chupa yake ya maji aliiacha nyumbani bila kuambiwa. Tulikwenda hatua ishirini, kiti. Hatua ishirini, kiti. Mwamba ulikuwa umetoka wote, kahawia na kijani, unanuka chumvi na mwani, na wanawake wengine walikuwa mbali wameinama. Mama aliwapita bila kuwaamkia ili wasimfuate kwa macho. Sijawahi kumwona mama na furaha kama ile. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Karibu na ukingo alimgeukia jirani. "Mwanangu, weka kiti hapa, kisha utazame huko baharini. Usigeuke mpaka nikwambie."

"Mathe, mimi hata kuogelea sijui. Nitakuja kuiba pweza na nini?"

"Tazama huko."

Akatazama huko, mikono nyuma.

Shimo lenyewe lilikuwa dogo, si pana kuliko mdomo wa sufuria ya uji. Mlangoni palikuwa na maganda ya kaa, mapya. "Yumo," mama akasema. Nikauliza kama nimtoe. Akakataa. "Muache. Leo nataka uketi hapa utazame nchi kavu."

Nikaketi juu ya mwamba na nguo zangu za shule. Akaniweka mkono begani na kunigeuza kichwa taratibu. Mnara wa simu ulalie juu ya mnazi uliopinda. Halafu, upande wa kulia, pembe ya ukuta mweupe iguse tangi la maji. Mahali mistari hiyo miwili inapokutana, ndipo nilipoketi. Zamani, akasema, badala ya mnara palikuwa na mvule, na ulipokatwa alikosa usingizi wiki nzima mpaka alipopata alama nyingine.

Kisha akatia mguu kwenye maji ya shimoni, akatulia. "Yamegeuka. Twende."

Simu ilisema bado dakika sita. Niliirudisha mkobani.

Njia nzima alinisomesha. Mnara juu ya nini? Ukuta uguse wapi? Mara ya kwanza nilichanganya kulia na kushoto, akanichapa mkono kidogo. Mara ya pili nikasahau tangi. Mara ya tatu nikasema yote sawasawa bila kugeuka nyuma, na mama akasimama, akaomba kiti. Akaketi pale pale, maji yakitupita miguuni kuelekea pwani, akaanza kulia.

"Ni magoti, mama?"

"Magoti hayana neno." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nimelitunza tangu sijakuzaa, na leo nimelitoa, kama mtu aliyeoza binti."

Nikachutama kando ya kiti, nikaweka kichwa changu juu ya mapaja yake, nami nikalia. Tulikaa hivyo mpaka jirani akakohoa na kusema kwamba maji yamefika kwenye kiti.