Kadi Iliyonyamaza Nyumbani Kwetu

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani Kashozi kumsaidia bibi kuhamisha vitu vya stoo, maana bati za upande ule zimeoza na mvua inaingia inavyotaka. Nyuma ya mikeka ya kuanikia kahawa nikamkuta kuku ametagia ndani ya kompyuta. Usicheke, rafiki yangu, ndivyo ilivyokuwa. Boksi lilikuwa wazi ubavuni, kuku kajikunja juu ya waya, ananikazia macho kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kuiba. Nikamfukuza, nikaliburuta boksi hadi mlangoni penye mwanga.

Ujue kwamba mimi nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Muleba mjini, karibu na mabasi yanaposimama. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye shaka, na shaka mimi nimelelewa nayo. Mteja akiniapia kwamba mashine haikuanguka, naanza kukagua kona. Akisema hakuna fundi mwingine aliyeigusa, natazama vichwa vya skrubu. Basi nikapangusa vumbi na manyoya kwenye ule ubao mkubwa wa ndani, ambao sisi mafundi tunauita madabodi, nikaona kadi ya sauti bado imechomekwa palepale ilipoachwa nilipokuwa mtoto. Nikatazama kadi, nikatazama madabodi, nikarudia tena kadi. Nikajikuta nimekaa chini kizingitini.

Nyumba ile ndiyo iliyonilea. Mama yangu alikuwa visiwani huko Muleba, ananunua dagaa kwa wavuvi na kuwaleta bara. Akija nyumbani alinukia jua na samaki, alilala kutwa, kisha akaondoka, na mimi nikabaki wa bibi. Asubuhi ilikuwa kufagia uwanja, kugeuza kahawa mikekani, kukata majani ya migomba ya kufunikia sufuria. Mchana ndizi na maharage. Msimu wa senene tulikaa barazani na ungo katikati yetu, tunanyonyoa mabawa na miguu mpaka vidole vinateleza, huku bibi ananichungulia mdomo kama sijafakamia wabichi. Hata mimi, mjukuu wake, hakuniamini na senene.

Kwetu ukimpa mgeni rubisi, pombe yetu ya ndizi, unaonja wewe kwanza mbele ya macho yake, ndipo unampa. Ni adabu ya kila nyumba, hakuna anayeiona kuwa tusi. Unamwonyesha kwamba ndani hamna sumu. Lakini bibi aliipeleka mbali. Aliyeleta papai alikatiwa kipande akala. Muuza sukari alilamba. Padre kijana aliyemletea dawa ya kikohozi alikunywa kijiko kizima, akaenda kusoma misa huku anapiga miayo. Sisi wa nyumbani tulishazoea, wageni ndio waliotazamana.

Babu alifariki kabla sijajua kumtofautisha na wazee wengine. Alikuwa mpiga enanga, kile chombo chetu cha mti chenye nyuzi zilizolazwa juu yake, na watu walitoka mbali kuja kumsikiliza akiimba habari za wafalme wa zamani. Muda mfupi kabla hajafa, alifika mgeni mmoja anayekusanya nyimbo za namna hiyo, akamrekodi pale sebuleni. Siku hiyo bibi alikuwa Bukoba, anamuuguza dada yake hospitalini. Aliyekaa na babu alikuwa jirani yetu, mwalimu mstaafu, rafiki yake wa siku zote. Babu akazikwa, miaka ikapita, ndipo sidii ya wimbo huo ikatufikia kwa njia ya parokia. Redio ya bibi ikaizungusha, ikakwaruza, ikaitema, kwa kuwa ilikuwa sidii ya kusomwa na kompyuta. Bibi akaifunga kwenye kitambaa, akaitia katika sanduku la bati, ufunguo akaufungia kiunoni. Hakuwa mtu wa kuomba vitu, lakini hilo alilisema wazi: anataka aisikie sauti ya mume wake walau mara moja kabla hajafa.

Mjomba wangu wa Mwanza akasikia. Ofisini kwake walikuwa wanaondoa mashine kuukuu, akaomba moja, akaipakia melini hadi Bukoba, ikapanda Kashozi kwa pikapu juu ya magunia. Tukaiweka sebuleni na kuifunika kitambaa cha kufuma. Picha ilitoka vizuri, mchezo wa karata ulicheza, lakini ilikuwa bubu kabisa. Zama zile sauti ilikuwa kitu cha kuongezwa, kwa kuchomeka kadi yake ndani, na yetu haikuwa nayo.

Mwalimu alikuwa na kompyuta mpya zaidi, yenye sauti. Akamwambia bibi alete sidii kwake, aisikilize leo hii, kwani ni kuvuka kijia tu. Bibi akakataa. Tangu babu azikwe, alikuwa ameshika kwamba mwalimu amesogeza mulamula, ile mimea tunayopanda mipakani, ili amege kibanja chetu, shamba letu la migomba. Mimi mulamula ile nilipita kando yake kila siku nikienda kuchota maji, na niliiona imekaa tu. Tena bibi aliuliza jambo jingine: sauti ikishaingia katika mashine ya mtu, nani ataitoa? Na hapo, nikisema kama fundi, sina la kumpinga hadi leo.

Mwalimu hakuchoka. Akamtafuta mtu Bukoba mjini, akapata kadi ya sauti, akaja nayo imefungwa kwenye gazeti. Angefurahi nani kama si mjane? Bibi akaitazama ile kadi bila kuigusa, akamwambia aonje kwanza. Mwalimu hakuelewa, akadhani ameletewa rubisi. Ilibidi mimi nimweleze kwamba bibi anataka kadi iingie kwanza katika kompyuta yake mwenyewe, iongee, sisi tukiwa tumesimama pale tunaona.

Basi mwalimu, mtu mzima na miwani yake, akaonja kadi. Tulikwenda kwake, akafungua mashine, akatoa kadi yake, akachomeka hii. Ikaimba kwaya vizuri kabisa. Bibi akasikiliza, kichwa ameinamisha upande, kisha akaamuru itolewe sasa hivi na twende. Njiani manyunyu yakaanza, na mwalimu, kwa kuikinga kadi, akaitia mfuko wa koti. Nilimwona bibi akiuona ule mkono ukiingia mfukoni na kutoka mtupu. Nami nilimjua bibi.

Nyumbani kwetu kadi iliingia kwenye sloti, ule mwanya wake wa kuchomekea, bila kulazimishwa. Skrubu ikakaza. Mashine ikawaka, picha ikaja, lakini kadi yenyewe mashine haikuiona, utadhani sloti ni tupu. Mwalimu akaitoa, akaisugua meno kwa raba ya wanafunzi, akairudisha. Akaihamishia sloti ya pili, akajaribu na ya tatu. Akatoa kila kitu kisicho cha lazima mle ndani, akaweka programu upya. Mvua ilikuwa inapiga bati, feni ya mashine inavuma, jasho linamtiririka hadi kwenye miwani. Bibi amekaa mlangoni kwenye kigoda. Hakumpa hata kahawa ya kutafuna, na kwetu mgeni asipopewa zile punje mbili tatu za kahawa anajua jinsi alivyopokelewa.

Bibi akamuuliza alikuwa na nini kingine mfukoni. Mwalimu akageuza mfuko nje, ukatoka uzi na chaki. Bibi akasema mfuko uliokwisha fika nyumbani hauonyeshi kilichoachwa njiani.

Kesho yake mwalimu mwenyewe ndiye aliyetaka kadi ionjwe tena. Safari hii aliibeba juu ya kiganja kilichokunjuliwa, sisi wawili tunamfuata nyuma kama polisi. Ikaingia kwake, ikaimba kwaya ileile. Maskini mwalimu alifurahi! Aligeuka na uso umemkunjuka, akidhani amejisafisha. Hakujua kwamba ndiyo amejimaliza.

"Kwako inaongea, kwangu inanyamaza," bibi akasema. "Nani kaiambia?"

Mwalimu aliichomoa kadi. Alifuatana nasi tena hadi nyumbani, akaichomeka tena kwenye mashine yetu, ikanyamaza tena. Akasimama katikati ya sebule na bisibisi mkononi, akamsihi kwa heshima ya kwetu.

"Mama, waitu, leta hiyo sidii kwangu. Msikilize mumeo, mwenzangu, kwanza. Baada ya hapo nichukie ukitaka."

Bibi aliinuka, akafungua mlango, akausimamia mpaka mtu akatoka. Kadi ikabaki mle ndani, na bibi akakataza isiguswe, eti ni ushahidi. Tangu hapo rubisi ya kwetu haikwenda kwao wala yao haikuja. Kanisani bibi alihamia benchi la upande wa pili. Kijia cha kati ya vibanja viwili kikaota majani, na sidii ikawa kitu kisichotajwa; mjomba aliwahi kuitaja wakati wa Noeli, chakula kikapoa mezani. Nami niliamini alivyoamini bibi, kwa kuwa aliyekuwa ananilisha ni yeye.

Mwalimu alifariki nikiwa sekondari. Bibi hakwenda msibani, na kwetu kutokwenda kwenye msiba wa jirani ni neno zito, watu hawalisahau. Watoto wake wanaishi Dar, wakauza kibanja. Aliyenunua amejenga ukuta na geti la bluu, migomba imekwisha, na ile mulamula iliyotugombanisha iling'olewa kwa trekta asubuhi moja bila mtu kuuliza ilikuwa imeanzia wapi.

Sasa nirudi kwenye boksi la kuku. Nililibeba hadi Muleba, kwa sababu macho peke yake siyaamini. Kadi nikaisafisha, nikaichomeka kwenye mashine ya zamani kidogo niliyonayo kibandani, ikaongea mara moja. Madabodi nayo nikaipa umeme, nikapima sloti zake kwa mita, moja baada ya nyingine. Ilikuwa ya mwanzo kabisa wa sloti za aina ile. Inatoa volti tano, lakini kadi ya mwalimu ilitengenezwa miaka ya baadaye, ilitaka na volti tatu na kitu pembeni, na hizo madabodi yetu haikuwa nazo kabisa. Meno yanaingia, skrubu inakaza, kila kitu kinaonekana sawasawa, ila kadi imekaribishwa ndani bila kupewa chakula. Mashine ya mwalimu ilikuwa nazo volti zote. Ungeionja kwake hata mwaka mzima, isingekuambia lolote kuhusu kwetu. Hakuna aliyebadilisha kitu, hakuna aliyeficha kitu mfukoni. Nililia palepale, mteja akadhani nimeiua kompyuta yake.

Jumapili nikarudi Kashozi na laptopu na kisomeo cha sidii. Bibi sasa ni mzee sana, amekunjamana, lakini masikio yake ni ya kusikia panya darini. Nikamweleza yote polepole, volti na nini, mpaka nikamfikisha kwenye neno lenyewe, kwamba mwalimu hakuwa na kosa. Akaniuliza nani kanifundisha kusema hivyo. Nikamjibu nimepima mwenyewe. Akaniuliza kama nilipima peke yangu. Nikamwambia ndiyo. Akatazama upande wa ukuta wa jirani, kisha akaanza kuhangaika na fundo la kiunoni. Ufunguo ulikuwa umeshika kutu, sanduku tulilifungua kwa kusaidiana.

Sidii ilisomwa. Kwanza ilisikika mikwaruzo, mtu akakohoa, nyuzi za enanga zikaanza taratibu, halafu sauti ya mzee ikapanda juu yake. Bibi alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Huyu nani?" akauliza.

Nikasema ni babu. Akatikisa kichwa. Alisema sauti ya mume wake ilikuwa nene, iliyojaa nyumba, na huyu ni mtu mwembamba. Nikampigia mama simu, nikamwekea, naye akalia, akasema ndiye, ni baba yake kabisa. Bibi akasema mama yangu wakati ule alikuwa visiwani, hakuona nani aliyekuwa anaimba. Na yule mgeni wa nyimbo alizunguka Kagera nzima, sidii zingeweza kuchanganyika. Nilitaka kumgombeza, wallahi nilitaka. Lakini mimi sauti ya babu siikumbuki. Najua jinsi mashine zinavyoweza kuikonda sauti ya mtu, na najua pia jinsi sidii zinavyoandikwa majina yasiyo yake.

"Nataka mtu aliyekuwepo," bibi akasema. Akavuta kanga yake mabegani, na sauti yake ikashuka. "Aliyekuwepo ni mwalimu."

Nyumba ile sasa haina harufu ya kahawa, mibuni imezeeka. Nimezoea kusema kwamba utoto wangu umekwenda na senene na mikeka na rubisi ya jirani, na vyote hivyo kweli vimekwenda, lakini siku ile nilijua kilichokwenda hasa. Tuliambiwa tusikilize, sebuleni kwetu, na mtu pekee tuliyemjua ambaye angeweza kutuapia sauti ile ni ya nani, na tukamfungulia mlango atoke. Bibi akaniomba niirudishe tangu mwanzo. Tukaisikiliza tena, yeye ameshika ukingo wa meza, na hakuna kati yetu aliyejua tunamlilia nani.