Mzee Hapachomekwi

Mtaani walimwita Mzee Hapachomekwi, tena si mbele yake, ingawa mwishowe jina lilimfikia. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa kauli aliyomwambia kila aliyefika na flashi mkononi: "Hapachomekwi kitu hapa." Watu wakageuka, wakaenda zao. Maneno huumba, jamani.

Zamani hakuwa hivyo. Alikuwa mpiga chapa ofisini, na alipostaafu akaweka kompyuta na printa sebuleni, karibu na dirisha. Majirani wakapata pa kuchapishia: huyu barua ya kuomba kazi, yule picha za mtoto. Mzee alishughulika na mashine, mkewe akashughulika na watu. Ukipiga hodi tu, mama yule alishakujua kwa sauti. Nyumba ile haikukaukiwa wageni, na mzee akadhani wanamfuata yeye. Wanaume bwana.

Kisha mke akafariki. Nguo zake waligawana ndugu, lakini sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: ndani ya ile kompyuta, katika folda yenye jina lake. Mzee aliirekodi siku alipokuwa akijaribu maikrofoni. Kila jioni aliifungua, akaruka ule mwanzo wenye mikwaruzo, akaanzia hapo mkewe anapoanza kusema.

Ukuta kwa ukuta naye aliishi fundi wa nguo, Mama Cherehani. Yeye na marehemu waliitana dada, kwa hiyo mzee alimwita shemeji. Siku moja akaleta flashi yenye picha za mishono, zichapishwe. Mzee akaichomeka na kuifungua bila kuuliza, kama mtu anavyofungua mfuko wa sukari. Kumbe ilikuwa imezunguka kompyuta za mtaa mzima, ikakusanya virusi. Jioni ile folda ya marehemu haikuwepo. Mahali pake palikaa kitu chenye jina lilelile, ukikibonyeza, hola.

Kesho yake Mama Cherehani alifuata karatasi zake. Mzee, macho mekundu, alimkuta mlangoni.

"Unataka kumuua mara ya pili?" akamwambia.

Mama wa watu akarudi kwake. Hata karatasi aliziacha.

Fundi wa kompyuta alipoitwa, wala hakuhangaika sana. "Haijapotea, mzee wangu. Virusi vimeificha, vikaweka njia ya uongo mahali pake." Akasafisha mashine, folda ikarudi, na mzee akalia bila kujificha. Fundi akamuusia: "Flashi yoyote ikija, ipime kwanza kwa antivirusi kabla hujaifungua. Na hiyo sauti iwekee nakala mahali pengine. Ukifanya hivyo, pokea watu wako kama kawaida."

Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mzee alisikia flashi na virusi tu. Mengine yaliingia sikio hili yakatokea lile. Fundi alipoondoka, akachukua plasta ya vidonda, akaziba matundu yote ya kompyuta.

Mashine haikuugua tena. Nyumba nayo ikapoa, mpaka mzee akawa anamjibu mtangazaji wa redio. Mama Cherehani alipopita dirishani alitazama mbele moja kwa moja. Mzee alitamani kumwita, akaishia kuongeza sauti ya redio. Upweke ulimtafuna, tusifichane, na mlango alikuwa ameufunga mwenyewe.

Mchana mmoja aliiwasha ile sauti tangu mwanzo wake, akaiacha ikikwaruza, akaenda jikoni kuosha kikombe. Maji yakitiririka, akasikia: "Hodi humu ndani."

Akakimbilia mlangoni na povu mikononi, akafungua. "Karibu, karibu."

Nje palikuwa na kamba ya nguo tu. Nyuma yake, kutoka kwenye kompyuta, mkewe akaitikia: "Karibu dada, pita tu, mlango haujafungwa. Huyu mwenzangu leo anaongea na kisanduku." Wanawake wawili wakacheka.

Mzee alishika fremu ya mlango. Jioni zote zile alikuwa akimsikiliza mkewe, wala hakujiuliza alikuwa akiongea na nani. Hodi ile ilikuwa ya Mama Cherehani. Asingekuja siku ile, mkewe asingesema neno.

Akarudi ndani akabandua plasta. Akazichukua zile karatasi za mishono zilizoachwa, akatoka, akasimama mlango wa pili. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia.

"Hodi."

"Nani?"

Zamani asingeulizwa. "Ni mimi," akasema, na alipoona haitoshi, akaongeza, "Mzee Hapachomekwi. Lete flashi yako, shemeji. Tutaipima kwanza."

Cherehani ikanyamaza. Mzee akabaki pale nje, karatasi mkononi, akingoja kuambiwa karibu.