Hodi Isiyoitikiwa

Shangazi yangu ana duka la fotokopi Mwembesongo. Asubuhi moja alinipigia simu analia: kompyuta imekufa, na sauti ya marehemu mama yake imo humo. Tulimrekodi Bibi kwao Matombo akisimulia kwa Kiluguru, na nakala nyingine hatukuwa nayo.

Nilipofika, jirani yake, fundi wa simu, alikuwa ameshaandaa flashi ya kuweka mfumo mpya.

"Hapa ni kufuta tu, mama," alisema.

"Ukifuta wewe, nitakufuta mimi," shangazi akamjibu.

Nikamwomba shangazi aiwashe. Mistari myeupe ikapanda kwenye skrini, kisha mmoja mwekundu, ukisema utambuzi wa mashine pepe umeshindwa. Papo hapo mkono wake ukaenda kwenye plagi. Kwetu umeme ukichezacheza hujiulizi, unachomoa. Tangu jana yake, kila alipoiona ile nyekundu alichomoa.

"Shangazi, subiri. Acha plagi."

Mashine pepe ni kompyuta ya kuigiza inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta, kinapoamka huuliza kama kimo ndani ya nyingine, kama mgeni anavyopiga hodi. Hapa hakuitika mtu kwa sababu hapakuwa na mwenyeji; kilikuwa nyumbani kwake. Hiyo si hitilafu. Ilitosha kuandika kwa rangi ya kawaida: hakuna mashine pepe, naendelea. Nyekundu ningeiweka pale tu kuuliza kwenyewe kunaposhindikana, na hata hapo ningetaka mstari useme kama uwashaji unaendelea au umekwama. Aliyeuandika alidhani utasomwa na mtu kama yeye. Hakumfikiria mwanamke aliyeshika plagi.

Tukasubiri. Mstari mwekundu ukasukumwa juu na mingine, ukapotea. Skrini ikawa nyeusi, shangazi akanibana mkono, kisha picha yake ya milima ikatokea na mafaili yote.

Akafungua la kwanza. Jogoo akawika, halafu Bibi, kwa Kiluguru chake na ukali wake uleule: "Unanielekezea simu usoni hata shikamoo hujatoa?"

"Shikamoo, mama," shangazi akaitikia kompyuta, akicheka na kujipangusa macho kwa kanga.

Fundi akanipa flashi yake bila kuombwa. Nikafuta vilivyokuwamo, nikamnakili Bibi.