Mtungi wa Bibi na Uwanja wa Kikapu

Nakumbuka siku moja ya kiangazi huko Newala, Mwingereza akiwa bado anatawala, nilipomwaga maji ya bibi yangu uwanjani. Nilikuwa darasa la nane, nahodha wa mpira wa kikapu, mrefu kuliko walimu wangu. Mgema akisifiwa, mwanangu, tembo hulitia maji. Nami nilisifiwa mno.

Alasiri hiyo timu ya shule moja ya Masasi ilikuwa inapanda kwa lori, pamoja na mwalimu wa chuo cha ualimu aliyetafuta wachezaji. Akinipenda, nafasi ya chuo ni yangu. Uwanja wetu ulikuwa wa udongo wa kichuguu. Usipolowanishwa na kushindiliwa, hutimka vumbi na mpira haudundi. Kwa hiyo mwalimu wetu aliagiza kila mchezaji ashuke bondeni alfajiri alete mtungi mmoja, maana kule juu hatukuwa na kisima.

Wenzangu walishuka. Mimi niliona nahodha hachoshi miguu siku ya mechi. Nilingoja bibi aende shambani, nikauchukua mtungi wake wa maji aliyoyateka jana yake, nikayamwaga pamoja na ya wenzangu.

Wageni walikuwa wanavua mashati bibi alipotokea na mtungi mtupu.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako hainyweki. Umeunywesha udongo, mimi ninywe nini?"

Mwalimu alinitazama, akautazama mtungi. "Nahodha, nenda bondeni."

"Mwalimu, wageni wamefika!"

"Nimewaona."

Niliuchukua mtungi, nikashuka. Wasichana waliokuwa wanapanda na mitungi yao walicheka hadi wakasimama. "Kaka, huo haudundi! Ukikuponyoka, utaokota vigae."

Niliporudi jua lilikuwa limeinama na mechi imekwisha. Tumeshinda bila mimi. Mwalimu wa chuo alikuwa amemchagua Hamisi, mfupi wetu, ambaye mimi sikuwahi kumpa pasi hata kwa bahati mbaya.

Nilimwekea bibi mtungi miguuni. Hakuugusa.

"Wageni kwanza," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Nikachota kwa kata, nikawapa mmoja mmoja. Mwalimu wa chuo alikunywa, akashukuru, akamwita anayefuata. Jina langu hakuliuliza.

Chuoni niliingia baadaye, kwa mtihani. Nilikuwa kwenye timu miaka miwili. Mwaka wa kwanza nilikaa benchi nikimtazama Hamisi. Nilikuwa mchezaji mzuri, basi. Sina kinyongo, wala sijidai kwamba siku ile ilinigeuza malaika.

Lakini sikia, mwanangu. Kipaji hakikupi ruhusa ya kutumia jasho la mtu bila kumwomba. Kazi ya wote ikigawanywa, beba fungu lako, hata ukiwa ndiwe unayeshangiliwa. Na ukikosea, usitume mtu akakutengenezee. Nenda mwenyewe, hata kama utakayoyakosa hayatarudi.

Mungu akujalie kimo, na akujalie shingo inayoinama. Nenda salama, mwanangu.